Neno la Mwalimu: Je, Jicho Latosha Kupima Ini?



Dominika moja, baada ya Misa ya pili, mvuvi mmoja alinisubiri mlangoni pa kanisa. Ni baba wa mmojawapo wa wanafunzi wangu, na makazi yake ni kule chini ziwani, upande wa Mahagi-Port. Mkononi alishika bahasha yenye picha mbili za ini lake.

“Mwalimu,” akasema, “hii nilipigwa mwezi wa tatu. Aliyeitazama aliniambia ini lina makovu mengi. Hii nyingine nilipigwa mahali pengine mwezi wa tano, na huko niliambiwa makovu ni machache, nirudi zangu kuvua. Wote wawili wamesoma, na wote wawili wametazama ini lile lile. Nimwamini nani? Nataka kuuza mtumbwi niende Bunia nikapigwe picha ya tatu.”

Sikumjibu papo hapo, maana mwalimu asiyejua hana budi kuwa mwanafunzi kwanza. Nimeuliza na kusoma, na leo natoa jibu mbele ya wote, kwa kuwa swali lake ni swali la jamaa nyingi za kwetu.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Kichocho cha tumbo, ambacho wengine hukiita bilhazia, kimekaa siku nyingi kandokando ya Ziwa Albert, upande wetu wa Ituri na upande wa Uganda vilevile. Mgonjwa akijisaidia majini au ufukoni, mayai ya minyoo huanguliwa majini. Vijidudu vitokavyo huingia ndani ya konokono, na baada ya majuma kadhaa hutoka tena vimebadilika umbo, vikitafuta ngozi ya binadamu. Mvuvi avutaye nyavu, mama afuaye nguo, mtoto aogeleaye, wote huwa mlango wazi kwao. Mwilini minyoo hukaa katika mishipa ya damu ya matumbo, na jike mmoja aweza kutaga mayai hata 300 kwa siku. Mengine hutoka pamoja na choo. Mengine huchukuliwa na damu mpaka ini, yakanasa humo. Mwili huyazungushia makovu. Mwaka 1904 daktari Symmers alieleza jinsi makovu hayo yanavyoizingira mishipa ya ini, hata ini likikatwa mishipa huonekana kama mashina ya kiko cha udongo.

Hatari ya makovu hayo ni ukimya wake. Ini lenyewe huendelea na kazi kwa muda mrefu, na mtu huonekana mzima. Kumbe njia ya damu inabanwa kidogo kidogo. Damu ikikosa njia kuu hutafuta vichochoro. Wengu huvimba, na mishipa myembamba ya umio hujaa kupita kiasi. Siku moja mshipa hupasuka, na mtu hutapika damu. Hapo jamaa hushangaa wakisema, “Jana tu alikuwa ziwani!” Ndiyo maana twataka kuyaona makovu mapema, na zaidi ya hayo, twataka kujua kama yanaongezeka au yanapungua.

Hapo ndipo inapotufaa ekografi, ambayo ndugu zetu wa Uganda huiita ultrasaundi. Si miale kama ile ya picha ya mifupa. Ni sauti nyembamba mno ambayo sikio haliwezi kuisikia. Sauti hiyo huingia mwilini kwa mwendo wa mita 1540 hivi kwa kila sekunde, hugonga sehemu za ndani, kisha hurudi kama mwangwi. Mashine huhesabu muda wa mwangwi na nguvu zake, ikachora picha ya nukta nyeupe, nyeusi na kijivu. Mwaka 1958 daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za tumbo walizozipata kwa njia hiyo. Leo kuna mashine ndogo za kushikwa mkononi, zinazounganishwa na simu.

Lakini picha ni jambo moja, na kuipima ni jambo jingine. Mwaka 1996 wataalamu walikutana Niamey, mji mkuu wa Niger, wakapatana kanuni ya kusoma ini lenye kichocho, na Shirika la Afya Duniani likaitoa kwa chapa mwaka 2000. Kanuni hiyo ina picha za mfano zenye herufi. A ni ini zima. B ni ini lenye madoa kama anga yenye nyota. C ina vipete na mashina ya kiko. Tena zipo D na E, mpaka F, ambayo makovu yake yamefika ukingo wa ini kama makucha ya ndege. Pamoja na herufi, hupimwa pia unene wa kuta za mishipa na upana wa mshipa mkubwa uingiao katika ini. Kazi hiyo ni njema sana, kwa kuwa imewapa waganga wa nchi mbalimbali lugha moja.

Hata hivyo, mwenye kuchagua herufi ni jicho. Nyota ngapi hufanya anga kuwa na nyota? Tazameni sokoni kwetu Mahagi. Mama mmoja huliita fungu la samaki wakavu kubwa, na mwenzake huliita dogo. Hakuna aliyesema uongo, lakini hapakuwa na mizani. Na jicho la asubuhi si jicho la jioni, baada ya kutazama wagonjwa arobaini.

Basi, wataalamu wa hesabu wakauliza: Je, kompyuta haiwezi kuwa mizani? Mtu akishika mkeka gizani hutambua kwa vidole kama umesukwa kwa ukindu laini au kwa matete. Picha nayo ina msuko wake. Kila nukta ina tarakimu yake, aghalabu kutoka 0, nyeusi kabisa, mpaka 255, nyeupe kabisa. Mwaka 1973 Robert Haralick na wenzake wawili walionyesha jinsi ya kuhesabu msuko huo kwa kulinganisha kila nukta na jirani yake, wakatoa vipimo 14. Tangu miaka ya 1980 watafiti wametumia hesabu za namna hiyo kwa picha za ini.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Mstari wa kwanza wa nukta una tarakimu 3, 2, 3, 4, 3. Mstari wa pili una 1, 5, 1, 5, 3. Jumlisheni: kila mstari ni 15, na wastani wake ni 3. Mtu akipima mwanga peke yake atasema mistari hii ni sawa. Sasa tafuteni tofauti ya kila nukta na jirani yake. Mstari wa kwanza watoa 1, 1, 1, 1. Wa pili watoa 4, 4, 4, 2. Zidisheni kila tofauti kwa yenyewe, kisha tafuteni wastani. Mstari wa kwanza hupata 1, na wa pili hupata 13. Mwanga ni mmoja, lakini msuko ni mbalimbali kabisa! Hicho ni kimojawapo cha vile vipimo 14, nacho chapima ukali wa tofauti. Faida yake yaonekana wazi. Badala ya kusema “makovu mengi” au “makovu machache,” mganga aweza kuandika tarakimu, na mwakani akailinganisha na nyingine.

Lakini ngojeni kwanza, tusishangilie upesi. Mashine ina kitufe kinachotanua tofauti ya weupe na weusi. Tuseme mtu amekigeuza hata kila tarakimu ya mstari wa kwanza ikazidishwa mara 2: 6, 4, 6, 8, 6. Hesabuni tena. Kipimo kimepanda kutoka 1 mpaka 4, na ini halikubadilika hata kidogo. Ni kitufe tu!

Tena kuna jambo la pili. Simameni kando ya ziwa siku ya upepo. Wimbi moja likikutana na jingine, mahali pengine huinuana, na mahali pengine hutulizana. Ndivyo ilivyo miangwi ndani ya ini. Miangwi itokayo katika chembe ndogo mno hukutana, ikafanya vidoa vyeupe na vyeusi katika picha, hata ini likiwa zima. Kwa hiyo sehemu ya msuko hutoka katika ini, na sehemu hutoka katika sauti yenyewe na katika kina ilichofika. Ukibadili mashine, umebadili mkeka.

Ndiyo sababu kazi hii ya kupima msuko iko zaidi mikononi mwa watafiti kuliko wodini. Mizani ni njema ikiwa mawe yake ni ya kweli. Maandiko Matakatifu yanaikemea vikali mizani ya hila. Tarakimu iliyopatikana ovyo ni hatari kuliko jicho, kwa kuwa jicho hujulikana kuwa hukosea, lakini tarakimu huvaa kanzu ya ukweli, na watu huiinamia bila kuuliza.

Sasa namjibu mzee wangu. Baba, usiuze mtumbwi kwa ajili ya picha ya tatu. Wale wawili si lazima mmoja awe mwongo. Mashine zilikuwa mbili, vitufe vilikuwa mbalimbali, na labda siku moja ulikuwa umekula na siku nyingine hukula, kwa maana chakula hubadili mwendo wa damu katika mshipa wa ini. Picha ya tatu kwa mashine ya tatu itakupa neno la tatu.

Tazama badala yake neno ambalo wote wawili wamekubaliana: makovu yapo. Ikiwa bado hujatibiwa, nenda kwenye kituo cha afya ukaulize dawa iitwayo prazikwanteli. Hupimwa kwa uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 hupewa miligramu 2400, yaani vidonge 4 vya miligramu 600. Huua minyoo mikubwa, na makovu yaweza kupungua, hasa kwa vijana, iwapo mtu haambukizwi tena. Mpeleke na mama watoto, na watoto wote. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mahali ugonjwa ulipoenea, dawa itolewe kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2. Kisha chimba choo, mbali na maji.

Ukitaka kujua kama makovu yanapungua, rudi mahali pale pale, kwa mashine ile ile, kabla ya kula. Omba waandike herufi ya picha, upana wa mshipa na urefu wa wengu. Picha ya zamani usiitupe. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa namna moja husimulia habari.

Lakini ukitapika damu, au choo kikawa cheusi kama lami, au tumbo likajaa maji, usingoje picha wala hesabu. Nenda hospitali saa ile ile. Hapo, kama fedha hazipo, ndipo mtumbwi uuzwe.

Nilimweleza haya yote Dominika iliyofuata, chini ya mti ulio mbele ya kanisa. Alisikiliza hata mwisho, akaikunja bahasha yake polepole. “Kumbe nilikuwa nanunua mizani,” akasema, “na samaki wanaoza.”

Mtumbwi ungali wake, na shimo la choo limekwisha fika kifuani. Mwanawe ameniuliza kama aweza kufanya ile hesabu ya msuko kwa nukta mia badala ya tano. Nimemwambia aweza, mradi kila mara apime kwa namna ile ile, na asisahau kwamba nyuma ya nukta hizo yuko baba yake.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Mwalimu wenu