Uliza kwanza akina nani wamo darasani

Wanaolinganisha shule kwa matokeo wana hoja nzuri ila hesabu yao haijakamilika. Tangu Sekondari Msingi ianze hapa Kenya Januari 2023, mgao wa serikali hufuata idadi ya wanafunzi, takriban shilingi 15,000 kwa kila mmoja kwa mwaka. Shule yenye watoto 300 inapangiwa milioni 4.5, yenye 40, shilingi 600,000 tu. Lakini masomo ni yale yale tisa na maabara inahitajika vile vile. Huku kwetu kwenye shule ndogo, mwalimu wa Kiswahili ndiye huyo huyo wa Kilimo na Sayansi, na majaribio ya kemia tunafanyia juu ya dawati kwa chupa za soda zilizokatwa. Kisha matokeo yakitoka tunalinganishwa na shule za mjini! Gredi ya 9 ikiwa na wanafunzi 12, watatu wakifuata mifugo wakati wa kiangazi, robo ya darasa imeondoka. Wastani gani huo wa matokeo? Wizara ya Elimu itenge kiwango cha chini cha fedha na walimu kwa kila shule, hata iwe ndogo vipi. Hapo ndipo tulinganishwe.