Bahati Nayo Inahitaji Uwanja

Hakuna aliyempangia Edward Said Tingatinga awe mchoraji. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, akawa hata mtunza bustani. Mwaka 1968 hivi, akiwa mkazi wa Msasani, Kinondoni, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi za dari, kwa rangi za baiskeli. Hakuwa amesomea sanaa. Wanunuzi walikuwa jirani, kwani kutoka Msasani hadi Oysterbay kwenye makazi ya wageni ni mwendo wa miguu. Polisi walipomuua kimakosa mwaka 1972, alikuwa amechora kwa miaka michache tu, lakini ndugu aliowafundisha waliendeleza kazi, na jina lake likawa jina la mtindo mzima.

Mwanasoka Mbwana Samatta naye ni mtoto wa Mbagala, Temeke. Mwaka 2011 klabu yake, Simba, ilifungwa na TP Mazembe ya Lubumbashi katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mashabiki walirudi nyumbani na huzuni, lakini Mazembe walikuwa wamemwona kijana huyo, wakamsajili. Mwaka 2015 alitwaa nao ubingwa wa Afrika, akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, akiwa na Aston Villa.

Wengi wataiita bahati. Ni kweli, ila iliwakuta kazini, tena mahali wanapoonekana.

Hapo ndipo mji unapohusika. Kijana huambiwa awe tayari kwa fursa, huku kiwanja alichochezea kimejengwa fremu za maduka. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam. Utaratibu unahitajika, lakini fundi au mchoraji akipelekwa kusikopita watu, hapotezi mauzo ya siku tu. Anampoteza na yule mteja mmoja ambaye angebadili maisha yake.

Manispaa za Kinondoni na Temeke zianze na linalowezekana: zihesabu viwanja vya wazi vilivyobaki, ziviwekee mipaka, na zibandike orodha yake katika kila ofisi ya serikali ya mtaa, ili mzazi ajue kipi ni cha watoto wake na amuulize nani kikivamiwa.