Mwacheni Bibi Apige Tari Lake



Wenzetu wa visiwani, tunawasalimu kutoka Mtendeni, Tabora. Msishangae jina. Mitende ni yenu ya pwani, lakini na sisi huku bara tunayo kwenye jina. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa. Ilibeba pembe, ilibeba na watumwa, Mwenyezi Mungu atunusuru na dhambi ile. Ilileta pia Kiswahili, dini na ngoma za pwani. Kwa hiyo haya tunayosema leo ni yenu kama yalivyo yetu, na tunayasema kwa uchungu.

Sisi ni mafundi cherehani. Tunashona sare, tunashona magauni ya hina na shela za mabibi harusi, kisha tunaalikwa. Tumekaa kwenye arusi nyingi kuliko mashehe. Mwezi wa Shaaban, arusi zilipopandana kabla ya Ramadhani, tulikuwa kwenye usiku wa hina wa binti wa mtaani kwetu. Bibi yake alikuja na tari lake amelifunga ndani ya kanga. Tari hilo limewatoa mama yake bi harusi, mama zake wadogo na wengi katika sisi tunaoandika hapa. Didjei akasema ratiba imejaa. Dada mmoja akamnong'oneza bibi kwamba siku hizi matari yana utata wa kidini. Bibi hakujibu. Akakaa karibu na mlango, tari mapajani, mpaka akaondoka kabla ya pilau.

Na spika zilikuwa zinaimba nini muda huo? Mipasho. Mke mwenza anatukanwa, jirani anasutwa, mwanamke mwenzetu anaambiwa kwamba mumewe ameshachukuliwa. Bi harusi anapakwa hina miguuni huku masikioni anamiminiwa husuda. Utata wa kidini haukuonekana hapo. Ulionekana kwenye tari la ajuza.

Tuseme ukweli, tusijitie usafi: pesa ya didjei tulichanga sisi. Hakuna mwanamume aliyetulazimisha. Sisi wenyewe tuliona bibi atatuaibisha mbele ya wageni wa mjini.

Sasa tuzungumze dini, kwa kuwa dini ndiyo iliyotajwa. Sisi si wenye kutoa fatwa. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu ala za muziki, na kila mmoja amuulize shehe wake anayemwamini. Lakini dufu kwenye arusi lina habari zake katika Sahihi Bukhari. Bi Aisha (r.a.) alipompeleka bibi harusi kwa mume wa Kiansari, Mtume (s.a.w.) alimuuliza kama hawakuwa na cha kuchangamsha, kwani Ansari hupenda kuchangamka. Na Bi Rubayyi' binti Muawwidh amesimulia kwamba Mtume alimtembelea nyumbani wakati wa arusi yake, akaketi, na mabinti wakipiga dufu na kuwataja wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akatia maneno kwamba kuna Mtume anayejua ya kesho. Mtume akamwambia aliache hilo, aendelee na aliyokuwa akisema.

Shoga, rudi usome tena. Mtume alikosoa neno moja. Hakuwanyang'anya dufu, hakuwafukuza mabinti. Fundi yeyote anaijua busara hiyo: gauni likiingia doa, unafua doa, huchomi gauni. Kama kwenye nyimbo za bibi kuna ubeti unaoomba mizimu au kumdhalilisha mtu, uacheni ubeti huo. Nyingine zinamwombea bi harusi stara, zinamfundisha subira, zinamtaja baba aliyemlea na mama aliyemzaa. Kosa liko wapi?

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kizamani na kishamba. Hebu tuwaulize kuhusu Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kwenu Unguja, akauza vyungu kabla hajajulikana kwa sauti. Wakati taarab ilikuwa ya kasri, ikiimbwa kwa Kiarabu, yeye aliiimba kwa Kiswahili, ikashuka kwa watu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, wakati wengi hata santuri yenyewe hawajaiona. Shaaban Robert aliona inafaa kumwandikia kitabu kizima cha maisha yake. Huyo ndiye wa kizamani? Na Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma za unyago mpaka uzeeni na dunia ikamwita jukwaani. Wazungu walilipa kiingilio kumsikiliza bibi mwenye ngoma. Sisi wa kwetu tunamwambia ratiba imejaa.

Na msidhani ngoma ya wanawake ni upuuzi wa kupitisha usiku. Bibi Titi Mohamed, kabla ya TANU kumpa kazi ya kuwakusanya wanawake mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar es Salaam. Akavifuata vikundi vya ngoma, na wanawake wakajaa kwenye chama. Mtu aliyezoea kusikilizwa na wanawake kwenye ngoma alisikilizwa na nchi.

Hatusemi musiki wa spika wote ni mbaya. Sisi wenyewe tuna tunazozipenda. Cherehani zikilia mchana tunawasikiliza Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga. "Dada Asha" ikipigwa, hata mama wa kushona vifungo anatingisha kichwa, kwa kuwa ni ya mji wetu. Tukitaka taarab, tunamtafuta Shakila wa Black Star ya Tanga, aliyejua kusema mapenzi bila kumvua mtu nguo. Tunazitaja ili mjue kwamba hatuna chuki na nyimbo. Tuna chuki na kukodi matusi kwa laki kadhaa ilhali dua ya bure imekaa mlangoni.

Tena santuri za Siti zipo. Kanda za Tabora Jazz zipo. Wimbo wa bibi haupo popote isipokuwa kifuani mwake. Wiki baada ya arusi ile tulikaa kwenye mashine tukajaribu kuukumbuka ule wa kumtoa bi harusi chumbani. Tulikuwa watano. Tulipata kiitikio na ubeti mmoja na nusu. Nusu iliyobaki kila mmoja alikuwa na yake, na hakuna iliyokaa sawa kwenye mapigo. Tukatuma mtu kwa bibi. Akajibu kwamba tari ameshalirudisha sandukuni, na hajisikii.

Basi tukaenda wenyewe, na sukari na kanga jozi, kuomba radhi. Hatukuomba wimbo siku hiyo. Mkubwa hasusiwi halafu akaombwa. Tulimpikia, tukafua, tukarudi. Mara ya tatu yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Lete hilo tari." Ametupa beti mbili. Anadai zipo saba, na nyingine atatupa akiona tunazishika hizi.

Kwa hiyo mabibi harusi wetu, na nyinyi mama zao mnaopanga shughuli, tunawaambia bila kuzunguka. Kabla hamjalipa didjei, muulizeni bibi. Mpeni nusu saa ya mwanzo, wageni wakiwa macho, si saa sita usiku watu wakitafuta viatu. Spika zizimwe kabisa. Maneno yapitieni pamoja naye mapema, na panapohitaji shehe aulizwe. Wekeni mabinti wadogo karibu yake waitikie, kwa kuwa wimbo hushikwa kwa kuitikia. Na mkirekodi, rekodini sauti tu, kwa idhini yake. Picha hapana. Wanawake wako vichwa wazi, stara ya mwenzio ni amana, na simu moja ikiponyoka, usiku wa hina umegeuka aibu ya mtaa.

Atakayesema bibi ataharibu shughuli, mwambieni bila bibi shughuli yenyewe isingekuwepo. Yeye ndiye aliyezaa ukoo unaosherehekea.

Mwenyezi Mungu awape mabibi zetu afya na umri, atusamehe tuliowakalisha mlangoni, na azitie arusi zenu baraka. Amin.

Wenu,
Mafundi wa Mtendeni, Tabora