Chura wa Majini Afugwe, Asipondwe Mawe

Najua wengine mtacheka. Ati chura afugwe nyumbani? Chekeni tu! Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

Ninayemtetea si chura wa nchi kavu. Ni yule ogwal mtelezi aishiye majini, asiye na ulimi, mwenye kucha nyeusi kwenye vidole vitatu vya kila mguu wa nyuma. Wataalamu humwita Xenopus victorianus, jina litokanalo na ziwa letu. Sisi vijana tukimwona dimbwini, kazi yetu ni mawe tu!

Kwanza, chura huyu ni mwalimu. Hatua za ukuaji wake twazikariri kwa picha za kitabuni, kumbe beseni moja lenye majani ya majini lingetosha. Jike hutaga mayai mamia kwa mamia. Baada ya siku mbili tatu viluwiluwi hutoka, na kwa muda wa kama miezi miwili huwa vyura kamili. Lakini wazazi watolewe mapema, la sivyo watakula watoto wao wenyewe! Beseni nalo lifunikwe wavu, maana chura huyu ni hodari wa kutoroka.

Pili, na hili ndilo kubwa, atatufunza kuyajali maji. Masara yetu ni nchi ya dhahabu, na wachimbaji wadogo huinasa dhahabu kwa zebaki, ambayo ni sumu. Chura hanywi kwa mdomo. Maji humwingia kupitia ngozi. Kwa hivyo mfugaji hana budi kuuliza: maji haya yametoka wapi? Je, jamani, sisi tunaoyanywa twauliza?

Wapo wasemao mnyama wa porini aachwe porini. Hoja yao ina uzito. Miaka ya 1930, kutokana na utafiti ulioanzishwa na Lancelot Hogben huko Cape Town, iligunduliwa kuwa jamaa ya chura huyu, Xenopus laevis, angeweza kutumiwa kupima mimba. Maelfu wakasafirishwa ng'ambo. Waliotoroka na walioachiliwa wamezaana hata California, Chile na Ufaransa, wakawa balaa kwa viumbe wa huko.

Je, tuache kufuga? La hasha! Tufuge kwa akili. Mayai yatoke dimbwi la hapa hapa, wala chura asimwagwe katika mto au kidimbwi kingine. Aidha, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasimamia ufugaji wa wanyama wa porini, basi tuwaulize kwanza maafisa wa KWS.

Naomba walimu wa Bayolojia watuongoze tuanze na beseni moja hapa shuleni, kisha kila mmoja apeleke ujuzi huo nyumbani. Naomba pia siku ya kwanza tusikimbilie kutafuta chura. Tuanze na maji: tujue yanatoka wapi, na yamepitia wapi.