Namba Ndogo ya Chini Si Urembo

Wanachuo wenzangu tunaosomea ualimu wa hisabati, tuongee ukweli kuhusu vipindi vyetu vya kompyuta. Tunagawiwa desa la amri, tunazichapa, majibu yanatoka, basi. Mwakani tutasimama mbele ya kidato cha tano kufundisha alama ya jumla, ile sigma yenye i chini na n juu, na desa hilo halitatusaidia kitu.

Chukua SymPy, programu ya aljebra ya bure inayotumika ndani ya Python. Ukiandika symbols('x1:6') inakupa x1 hadi x5 (ile 6 haihesabiwi, zoea tu). Safi. Lakini kwa kompyuta hayo ni majina matano yasiyo na undugu wowote. X1 na x2 ni kama a na b. Sasa ukitaka kufika hadi x ya n, na n yenyewe haijulikani, njia hiyo haikufikishi.

Mjanja ataandika Symbol('x_i'). Ndani ya Jupyter utaona x yenye i ndogo chini, inapendeza kama ya kitabuni. Urembo mtupu! Iambie i iwe 3, x hiyo haishtuki, kwa sababu i hapo ni sehemu ya jina, kama ilivyo ndani ya jina Idrisa. Dawa ni IndexedBase('x'), kisha x[i]. Hapo ukiweka 3 unapata x[3], na Sum(x[i], (i, 1, n)) inasimama hata kabla hujajua n ni ngapi. Maxima haina hata maneno mengi: unaandika x[i] na kazi inaendelea.

Tofauti hiyo ndiyo inayowasumbua wanafunzi. Mwalimu akiita "Asha" anamwita mmoja. Akisema "mwanafunzi namba i" anazungumzia darasa zima, wawe 5 au 90. Asiyeona hilo atakariri fomula ya wastani akiamini i ni pambo. Ubaoni hatumsaidii, maana chaki huandika zote mbili sawasawa. Kompyuta ndiyo haidanganyiki, halafu sisi tunaitumia kutafuta majibu tu.

Ombi langu kwa walimu wetu: kabla ya mazoezi ya kufundisha tupewe walau vipindi viwili vya jambo hili, na swali moja la mtihani lituulize kwa nini i ya kwanza haibadiliki na ya pili inabadilika. Wa kudesa watalalamika, najua. Ila kisingizio cha gharama hakipo: programu zote mbili ni za bure, na ukishazipakua hazili bando.