Muyaka Hakuwa Mkenya

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimefungua ukurasa wa Muyaka bin Haji katika wiki ndogo ya fasihi ninayoichangia, nikakuta jamii nilizoziandika chini yake zimefutwa. Nilikuwa nimemweka katika “Washairi wa Mombasa”, “Watunzi wa tarbia” na “Washairi wa karne ya 19”. Imesalia moja tu: “Waandishi wa Kenya”. Aliyefuta ameacha maelezo mafupi, kwamba kila ukurasa uwe na mzazi mmoja ili mti usivurugike. Ndugu msomaji, nina ugomvi na mti huo.

Muyaka alifariki mwaka 1840. Koloni la Kenya lilitangazwa mwaka 1920. Mombasa aliyoiishi na kuitungia ilikuwa ya Mazrui, yenye vita vyake na Unguja na Lamu, na yenye mahasimu wa kujibizana naye kwa beti. Kumwambia mwanafunzi kwamba huyu ni mwandishi wa Kenya, kisha ukanyamaza, ni kumnyang'anya ufunguo wa nusu ya mashairi yake. Shaaban Robert naye aliaga dunia mwaka 1962. Tanzania ilizaliwa 1964. Sisemi Wakenya na Watanzania wasijivunie malenga hawa, wala siombi jamii za nchi zifutwe. Nchi ni swali moja katika maswali mengi anayokuja nayo msomaji. Mwingine anatafuta tarbia, mwingine anatafuta watunzi wa Pate, na mti wa mzazi mmoja unamjibu wa kwanza na kuwafungia mlango waliosalia.

Watetezi wa mti husema kana kwamba mtambo ndio unaowalazimisha. Haulazimishi. Programu ya MediaWiki, inayoendesha Wikipedia na wiki nyingi nyinginezo, inaruhusu ukurasa mmoja kuandikiwa jamii kadhaa, na jamii yenyewe kuwekwa chini ya jamii nyingine mbili au tatu. Ni kama nasaba: kila mtu ana kuumeni na kukeni, na hakuna amwambiaye mtoto achague upande mmoja, wa pili aukane.

Linaloniuma zaidi ni kwamba wanaoshikilia jambo hili ni wapenzi wa Kiswahili, lugha ambayo kila siku inawakanusha. Tazameni kiboko. Umbo lake ni la ki-vi, sawa na kiti na kikombe. Lakini tunasema kiboko amezama, viboko wamezama. Wanasarufi waliopanga ngeli kwa viambishi vya nomino walimweka huku. Wanaopanga kwa upatanisho wa kisarufi wamemweka kule, kwenye a-wa, pamoja na mtu na ng'ombe. Miaka yote hiyo kiboko hakuambiwa achague. Anavaa nguo ya ngeli moja na kutembea na watu wa ngeli nyingine, na sentensi inasimama.

Na ushairi wenyewe je? Mtunzi wa takhmisa huchukua beti za mwenziwe, akaongeza mishororo hadi kila ubeti ukatimia mitano. Takhmisa ya Liyongo inanasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, lakini ndani yake mna mishororo inayonasibishwa na Fumo Liyongo. Huo mzazi mmoja ni yupi? Ukiiweka chini ya Liyongo umemdhulumu Sayyid Abdalla. Ukiiweka chini ya Sayyid Abdalla umeufuta moyo wa utungo. Katika wiki yetu ilifanyika hilo la pili, na hadi leo anayesoma habari za Liyongo haifikii.

Nakiri kwamba palipo na uhuru pana fujo, nami nimeiona. Kuna mtu aliyeiweka jamii nzima ya “Lamu” chini ya “Ushairi”, kwa hoja kwamba Lamu imetoa washairi. Nia njema, ila kila kilichokuwamo katika Lamu kikaingia ushairini: bandari, majahazi, na punda. Ndiyo, punda wa Lamu akageuka tungo. Kwa hiyo masharti yapo. Jamii ya chini iwe kweli ni aina au sehemu ya ile ya juu: utenzi ni aina ya ushairi, Lamu si aina ya ushairi. Ukurasa uliokwisha kuwekwa katika “Washairi wa Mombasa” usirudiwe katika “Washairi” iliyo juu yake. Na “Tenzi” na “Tendi” zisiwe jamii mbili kwa sababu ya lahaja. Masharti haya nayakubali kwa mikono miwili. Hakuna hata moja linalodai mzazi mmoja.

Kuna na jambo la alfabeti, dogo kwa sura. Mhariri yuleyule amempanga Muyaka kwenye herufi H, kwa sababu ya “bin Haji”, kama apangwavyo Mzungu kwa jina la ukoo. Haji ni baba yake, jamani! Wakati huohuo “Washairi”, “Waandishi”, “Waimbaji” na “Wahakiki” zote zimerundikana kwenye W, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba wa- ni kiambishi tu. Kamusi zetu zinamfundisha mtoto kulitafuta neno kusoma kwenye S. Programu nayo inampa mhariri nafasi ya kuandika, baada ya jina la jamii, neno ambalo kwalo ukurasa utapangwa. Tungeitumia nafasi hiyo, “Washairi” ingekaa kwenye S na Muyaka angekaa kwenye M, mahali ambapo kila mjuzi wa ushairi angemtafuta.

Jana usiku nimezirudisha jamii zote tatu, na ya Kenya nimeiacha ilipo. Takhmisa nimeiandikia watunzi wawili. Anayetaka kuzifuta kwa mara ya nne aandike hoja yake kwanza katika ukurasa wa majadiliano, kwa nathari au kwa beti apendavyo, nami nitamjibu papo hapo kwa bahari atakayoichagua yeye.