Wembe wa Baba Hautaki Mshipi wa Suruali

Huenda umeachiwa wembe wa kukunja wa babako au babu yako, nawe wataka kunyolea ndevu. Kama ni ule wa kutiwa kiwembe kipya kila mara, hauna shida. Lakini kama makali yake ni ya kudumu, yasiyobadilishwa, itakubidi utafute ukanda wa ngozi wa kuusugulia.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Wembe wa marehemu baba niliusugua kwenye mshipi wangu wa suruali. Asubuhi ndevu zilivutwa badala ya kukatwa, na machozi yakanitoka. Mshipi una mishono na matundu, tena ukilegea makali huzama katika ngozi na kuharibika. Ilibidi wembe urudi kwenye jiwe.

Wengi hudhani ukanda hunoa. La, jiwe ndilo linalonoa. Ukanda huyanyoosha makali membamba yaliyopinda kidogo wakati wa kunyoa. Kwa hivyo ukanda ni wa kila unaponyoa, jiwe ni la mara mojamoja tu.

Sasa uchague upi? Kwanza tazama upana. Makali ya nyembe nyingi yana urefu wa inchi 3 hivi, na ukanda wa inchi 3 huyapokea yote kwa pamoja. Ule wa inchi 2 hukulazimisha kuupitisha wembe kimshazari, kazi ngumu kwa mwanagenzi.

Pili, tazama aina. Ukanda wa kuning'inizwa ni mzuri, lakini sharti uukaze barabara. Kama mkono wako haujazoea, anza na ngozi iliyobandikwa juu ya kibao, maana hiyo hailegei.

Tatu ni bei. Usikimbilie wa ghali. Wanagenzi wengi huukata ukanda wao wa kwanza. Ngozi ya ng'ombe iliyo laini, isiyo na kovu wala mikunjo, yatosha kabisa.

Ukishaupata, laza wembe bapa, mgongo utangulie na makali yafuate. Ukifika mwisho, ugeuze kwa mgongo, kamwe si kwa makali. Usikandamize. Nenda na kurudi mara 30 hadi 50, polepole. Ngozi ikikauka, isugue kwa kiganja.

Na jambo moja la mwisho: wembe huu ni wa mtu mmoja. Hata damu usiyoiona yaweza kubeba homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Usimwazime hata ndugu, na uuweke mbali na watoto.

Zamani nilidhani baba hupoteza wakati akisimama kila asubuhi mbele ya ule ukanda wake mlangoni. Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa nusu ya kunyoa. Tuonane Jumapili ijayo.